Maji ya Juu na Maji ya Chini: Historia ya Ugumu wa Maji Majumbani Kilimanjaro

Ugumu wa maji hutokana na madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyoyeyuka ndani yake. Maji yenye madini hayo kwa wingi hula sabuni bila kutoa povu, huacha ukoko mweupe ndani ya birika na hufanya maharage yachelewe kuiva. Wataalamu huupima ugumu kwa miligramu za chokaa, yaani kalsiamu kaboneti, katika lita moja ya maji. Yasiyozidi miligramu 60 ni maji laini. Kuanzia 61 hadi 120 ni magumu kiasi. Kuanzia 121 hadi 180 ni magumu. Yakizidi hapo ni magumu sana.

Kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro na katika mji wa Moshi ulio chini yake, jambo hili lina historia ndefu. Wenyeji walianza kwa kunywa maji laini ya kutoka msituni. Kadiri makazi yalivyoshuka kuelekea tambarare, ndivyo walivyokutana na maji yaliyokaa ardhini muda mrefu zaidi na kubeba madini zaidi. Njia walizotumia kukabiliana nayo ni mbili kuu: kuyateremsha maji ya juu kabla hayajazama ardhini, na kuyalainisha ya chini kwa magadi. Njia zote mbili zingali hai.

Mlima unavyoyatengeneza maji

Mvua nyingi ya Kilimanjaro hunyesha upande wa kusini, kwenye ukanda wa msitu. Katika mwinuko wa mita 2,000 hivi, juu ya Machame na Kibosho, hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Moshi mjini, kwenye mwinuko wa mita 800 hadi 900, hupata chini ya nusu ya kiasi hicho. Barafu ya kilele cha Kibo huonekana kutoka mbali, na wengi huidhani ndiyo mama wa mito yote, lakini mchango wake ni mdogo. Mwaka 1912 barafu hiyo ilitanda karibu kilomita za mraba 12. Mwanzoni mwa karne ya 21 zilikuwa zimebaki chini ya 3. Kinacholisha mito na chemchemi ni mvua ya msituni inayozama kwenye udongo wenye rutuba na kupenya kwenye nyufa za mwamba.

Mwamba wenyewe umetokana na volkano. Mvua inapopita kwenye udongo wa msitu huchukua hewa ya kaboni dioksidi na kuwa asidi hafifu. Asidi hiyo humenya mwamba polepole na kuyeyusha kalsiamu, magnesiamu, sodiamu na madini mengine. Maji ya kijito kinachotiririka juu ya ardhi, karibu na msitu, hayajapata muda wa kufanya kazi hiyo, kwa hiyo hubaki laini. Maji yaliyozama juu na kutokeza chini yamesafiri ndani ya mwamba kwa muda mrefu, nayo hubeba zaidi. Chini ya mlima hutokeza chemchemi nyingi: Nsere na Shiri zinazouhudumia mji wa Moshi, Njoro ndani ya mji wenyewe, Miwaleni kule Kahe, na Chemka karibu na Boma Ng'ombe, ambayo maji yake ni ya vuguvugu. Mbali zaidi, kwenye tambarare kavu, jua hukausha maji yaliyo karibu na uso wa ardhi na kuacha chumvi. Ndiyo sababu visima viwili vilivyo katika kata moja vinaweza kutoa maji yasiyofanana.

Enzi ya mfongo

Wachagga waliishi kwenye ukanda wa kati wa mlima, kila ukoo kwenye vihamba vyake vya migomba. Mito ya Kilimanjaro hupita ndani ya mabonde yenye kina, ilhali nyumba na vihamba viko juu ya migongo iliyo kati ya mabonde. Kuyapandisha maji kutoka bondeni kulikuwa kazi ngumu. Ufumbuzi ulikuwa mfongo: mtaro unaochukua maji mtoni huko juu, karibu na msitu, na kuyaongoza kwa mteremko mdogo sana kando ya bonde mpaka yafike kwenye mgongo wa kilima. Wageni wa kwanza kutoka Ulaya, kuanzia Johannes Rebmann aliyefika Kilema mwaka 1848 na Machame mwaka 1849, waliikuta mifongo ikiwa tayari imeenea, na walioandika baada yake waliistaajabia kazi hiyo iliyofanywa bila vyombo vya upimaji.

Mfongo ulikuwa na mwenyewe, yaani ukoo wa aliyeuchimba, na watumiaji wake walikuwa na wajibu. Kila msimu walikusanyika kuufukua na kuziba penye mivujo. Aliyekosa kazi bila sababu alitozwa faini au kunyimwa zamu. Maji ya kumwagilia ulezi na migomba yaligawanywa kwa saa na kwa siku, na penye maji machache palichimbwa nduwa, bwawa dogo la kukusanya maji ya usiku ili yafunguliwe asubuhi.

Maji ya nyumbani yalikuwa na taratibu zake. Yalichotwa alfajiri, kabla mifugo haijanyweshwa na kabla ya kazi za mashambani kuyatibua. Kuoga au kufua juu ya mahali pa kuchotea kulikatazwa. Aliyechota aliyaacha yatulie chomboni mpaka tope lizame. Kilichowasumbua watu wa mfongo kilikuwa tope, majani na kinyesi cha mifugo. Ugumu haukuwa tatizo, kwani maji yalitolewa karibu na msitu na kufika nyumbani kabla hayajapita ndani ya mwamba. Kwa mfongo, watu wa mlima walipata maji ya karibu na nyumba na maji laini kwa pamoja.

Si kila upande uliobahatika hivyo. Rombo, upande wa mashariki, ina mito michache ya kudumu, na wanawake wake walitembea mwendo mrefu kuyafuata maji. Watu wa tambarare nao, kama Wakahe, walitegemea chemchemi na mito iliyokwisha kupita mbali. Huko ndiko maji yalikoanza kuonyesha ugumu.

Magadi, dawa ya kale ya jikoni

Kabla sabuni ya dukani haijafika, Kilimanjaro ilikuwa na magadi. Magadi ni mchanganyiko wa asili wa sodiamu kaboneti na sodiamu bikaboneti unaobaki pale maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yanapokauka kwa jua. Chanzo kikubwa kwa watu wa kaskazini mwa Tanzania ni Ziwa Natron, lililo mpakani na Kenya. Magadi yalipitia mikononi mwa Wamasai na wafanyabiashara wa tambarare, yakapandishwa mlimani na kuuzwa katika masoko ya wanawake, ambayo kila moja lilikuwa na siku yake ya juma. Yalitumika jikoni, yalichanganywa na tumbaku ya kunusa, na yalilambishwa mifugo.

Kazi yake jikoni inaeleweka vizuri kikemia. Ganda la maharage hushikiliwa na pektini, na kalsiamu ya maji huifunga pektini hiyo na kuifanya iwe imara zaidi. Ndiyo maana makande yaliyopikwa kwa maji magumu huchelewa kuiva na kumaliza kuni. Kipande cha magadi kikitiwa chunguni hufanya mambo mawili. Kaboneti yake huikamata kalsiamu na magnesiamu na kuzifanya zitue chini kama unga mweupe. Na ukali wake, yaani ualkali, huivunja pektini yenyewe. Maharage huiva upesi na kuwa laini. Vivyo hivyo katika kufua: maji yaliyotiwa magadi na kuachwa yatulie hayaimalizi tena sabuni, kwa kuwa madini yaliyokuwa yakiila yamekwisha kuondolewa.

Kwa hiyo wapishi wa Kilimanjaro walikuwa wakilainisha maji kwa njia ileile iliyokuja kutumiwa viwandani. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911 kuchimba magadi katika Ziwa Magadi upande wa Kenya, na bidhaa hiyo ikasafirishwa kwa watengenezaji wa vioo na sabuni wa nchi za mbali. Huko Uingereza, mkemia Thomas Clark wa Aberdeen alikuwa amepata hataza mwaka 1841 ya kulainisha maji ya mjini kwa kuongeza chokaa, na akabuni kipimo cha ugumu kilichotegemea kiasi cha sabuni kinachohitajika mpaka povu litoke. Kipimo hicho cha povu kila mfuaji wa nguo hukifanya bila kukusudia.

Magadi yalikuwa na gharama yake. Ualkali huharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, na magadi ya Bonde la Ufa mara nyingi huwa na floridi, jambo lililokuja kujulikana baadaye sana.

Mji wa reli

Moshi ya kwanza ilikuwa juu, katika nchi ya mtawala wa Kichagga, Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Mji wa sasa ulizaliwa chini, mahali reli kutoka Tanga ilipofikia mwaka 1911. Kituo cha reli kilivuta maduka, bohari, ofisi na mafundi, na kwa mara ya kwanza watu wengi wakakaa pamoja chini ya ukanda wa mifongo. Mahitaji ya maji yakabadilika. Injini ya mvuke ilihitaji maji mengi kila ilipofika, na chokaa inayoganda ndani ya mabomba ya tangi la mvuke hupunguza nguvu na huweza kuyapasua. Kiwanda cha kukoboa kahawa cha mjini kilianzishwa mwaka 1920. Mwaka 1930 kampuni ya Tanganyika Planting ilianza shamba kubwa la miwa Arusha Chini, kusini mwa mji, ambako chumvi za ardhini na za maji ya umwagiliaji zikawa tatizo la kudumu la shamba.

Mji ulihitaji pia kufuliwa nguo. Sare za watumishi wa serikali, mashuka ya hoteli na nguo za watu wa ofisini zilipelekwa kwa madobi, na eneo la chemchemi liitwalo Njoro ya Dobi linalo jina lao hadi leo. Kwa dobi ugumu wa maji lilikuwa jambo la fedha. Katika maji magumu, sehemu ya kwanza ya sabuni huungana na kalsiamu na kuwa utando wa kunata unaotia rangi ya kijivu kwenye nguo nyeupe; povu huanza tu madini yote yakishamalizwa. Sabuni ya mche, iliyotengenezwa kwa mafuta, ndiyo inayoathirika zaidi. Ndipo magadi ya kufulia yalipopata soko jipya mjini, na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati yakapendwa kwa nguo nyeupe.

Mlimani nako kulikuwa na mabadiliko. Kahawa, iliyoletwa na wamisionari wa Kilema katika miaka ya 1890, ilisambaa kwenye vihamba. Wakulima wakaunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kikafuatiwa na Chama cha Ushirika cha Wenyeji wa Kilimanjaro (KNCU). Kahawa ya mlimani humenywa, huvundikwa na kuoshwa, na kazi hiyo ilifanywa kwa maji ya mfongo. Maji yaliyotumika yalirudi mtaroni na maganda na utomvu wake, yakamfikia jirani wa chini. Watu walizidi kuongezeka na mifongo ikapita kwenye makazi yaliyosongamana. Maji ya mfongo yalibaki laini, lakini hayakuwa tena maji ya kunywa bila kuchemshwa.

Zama za bomba

Baada ya uhuru, serikali ilichukua jukumu la maji vijijini. Mwaka 1971 Tanzania ilizindua mpango wa miaka 20 uliolenga kila mwananchi apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake ifikapo mwaka 1991. Maji ya vijijini yalitolewa bure, na pale Kilimanjaro mabomba yalichukua nafasi ya mifongo kama chanzo cha maji ya kunywa. Fedha za matengenezo zilipopungua, mabomba mengi yalikauka na watu wakarudi kwenye mitaro. Sera ya Maji ya mwaka 1991 na ile ya mwaka 2002 ziliingiza uchangiaji wa gharama.

Wilayani Hai, kuanzia miaka ya 1990, mradi uliofadhiliwa na Ujerumani ulijenga mabomba ya mserereko kutoka vyanzo vya juu hadi Boma Ng'ombe na vijiji vya tambarare, na uendeshaji ukakabidhiwa bodi za watumiaji kama Uroki-Bomang'ombe na Losaa-KIA. Bomba la mserereko ni mfongo uliofunikwa. Kanuni ni ileile: maji huchukuliwa juu, yakiwa laini, na kushushwa kwa uzito wake yenyewe bila pampu. Tofauti ni kwamba kinyesi na maganda ya kahawa hayaingii, na maji laini hufika tambarare ambako zamani hayakuweza kufika.

Mjini Moshi mahitaji yalipanda haraka. Wakazi walikuwa karibu 27,000 mwaka 1967. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu 184,292. Mamlaka ya Maji Safi na Usafi wa Mazingira Moshi, iliyoanza kujitegemea mwaka 1998, hutumia chemchemi na huongezea visima virefu. Maji ya kisima kirefu hayana tope na mara nyingi hayana vijidudu, ila ndiyo yaliyokaa ndani ya mwamba muda mrefu kuliko yote.

Ndipo familia nyingi zilipoanza kuuona ugumu kwa macho. Kampeni za afya zilihimiza kuchemsha maji, na maji yanapochemka bikaboneti huvunjika, kaboni dioksidi hutoka, na kalsiamu hutua kama unga mweupe. Wengi waliuona unga huo wakadhani maji ni machafu au yametiwa dawa. Ulikuwa chokaa ya mlima wenyewe. Hita za umeme na simtanki zilipoenea, ukoko uleule ukaonekana kwenye vyuma vya kuchemshia na kwenye vitundu vya bomba la kuogea.

Adui asiyeonekana

Historia ya maji ya Kilimanjaro ina jambo moja linalopingana na mazoea. Kwa kufua na kupika, maji laini ndiyo mazuri. Kwa meno na mifupa, ulaini haumhakikishii mtu usalama. Mwamba wa volkano hutoa floridi, na kalsiamu ndiyo inayoizuia, kwa sababu huungana nayo na kutua. Maji yenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo hutoa povu zuri, hayaachi ukoko, na yanaweza kubeba floridi nyingi kuliko maji magumu ya jirani.

Floridi ikizidi kwa miaka mingi hutia meno ya watoto madoa ya kahawia, na ikizidi sana hukakamaza mifupa. Hali ni kali zaidi kuuzunguka Mlima Meru, kama Ngarenanyuki na Maji ya Chai, na baadhi ya vyanzo vya tambarare za Kilimanjaro navyo vimeguswa. Madaktari waliandika juu ya ugonjwa huo katika mikoa ya kaskazini tangu mwaka 1964. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa uhaba wa vyanzo, iliruhusu 8 kuanzia mwaka 1974, ikashusha hadi 4, na mwaka 2018 ikafikia 1.5. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arumeru, kiliendeleza uchujaji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia inayoweza kutumika nyumbani.

Magadi yaliingia katika hesabu hii pia. Watafiti waliochunguza meno ya watoto wa Kilimanjaro walikuta madoa hata pale maji ya kunywa yalipokuwa na floridi kidogo, na wakayataja magadi ya kupikia kuwa sababu mojawapo. Dawa ya ugumu ilikuwa imebeba madhara mengine.

Ugumu nyumbani leo

Shirika la Afya Duniani halikuweka ukomo wa kiafya kwa ugumu wa maji, na maji magumu kiasi huuongezea mwili kalsiamu na magnesiamu. Kwa hiyo kazi ya nyumbani ni kupunguza usumbufu tu. Maji ya kunywa yaliyochemshwa yaachwe yatulie, kisha yamiminwe taratibu ili unga ubaki chini. Ukoko wa birika na wa hita huyeyushwa kwa siki au maji ya limao yaliyoachwa humo kwa saa kadhaa, kisha chombo kisuuzwe. Sabuni ya unga huvumilia ugumu kuliko sabuni ya mche. Magadi yanafaa katika beseni la kufulia. Chunguni ni afadhali maharage yalowekwe usiku kucha. Maji ya mvua kutoka kwenye bati safi, baada ya mvua ya kwanza kuachwa iende, ni laini kuliko yote.

Mashine za kulainisha maji, zinazobadilisha kalsiamu kwa sodiamu ya chumvi, zina kazi kwenye hoteli na viwanda vyenye matangi ya mvuke. Katika nyumba ya kawaida ya Moshi hazihitajiki, wala haziondoi floridi. Kuchemsha nako hakuiondoi.

Anayechimba kisima kipya tambarare, basi, asiamue kwa povu la sabuni wala kwa ukoko wa birika. Apeleke maji maabara na apime floridi kwanza, ndipo apime ugumu. Maji yakiwa magumu kiasi na floridi yake ikiwa chini ya kiwango, ni maji mazuri ya kunywa, na limao na sabuni ya unga zitatosha kwa mengine yote.